Ubeti wa Kwanza, Peke Yangu

Kundi la mjukuu wangu linaitwa Ghorofa ya Tatu kwa sababu hapo ndipo ninapoishi. Watangazaji wa redio wameeleza mara nyingi kwamba jina hilo lina maana ya kupanda juu maishani, nami huwa nasikiliza na kucheka peke yangu. Ukweli ni kwamba wasichana watatu wa miaka kumi na minne walikosa mahali pa kufanyia mazoezi, na mimi nilikuwa na chumba.

Chumba chenyewe ni cha kupigia pasi. Nilikuwa dobi wa hoteli kwa miaka ishirini na sita, na nilipostaafu nikaendelea na kazi nyumbani, mashuka ya nyumba ya wageni ya mtaa wa nyuma na mashati ya watu wa ofisini. Ukuta mmoja wa chumba hicho hauna dirisha wala picha. Wasichana waligundua kwamba wakisimama kuutazama, bega kwa bega, sauti zinawarudia na kila mmoja anawasikia wenzake vizuri. Basi wakaimba miaka yote wakiutazama ukuta kama watoto waliopewa adhabu, nami nyuma yao na pasi yangu. Naijua migongo yao kuliko nyuso zao.

Katikati husimama mjukuu wangu, Kengele. Jina hilo alipewa shule ya chekechea, maana mwalimu alikuwa akimtuma uwanjani awaite wenzake warudi darasani, na hata walinzi wa jengo la jirani walikuwa wakigeuka. Kulia kwake ni Kijiko, mwembamba mwenye kichwa cha duara, ambaye ukimuuliza kama amekula atasema ndiyo hata kama hajala, ili asikusumbue. Kushoto ni Mama Mkwe. Huyo hajaolewa wala hana mkwe, ila tangu utoto hakuna kinachompendeza. Chai ina maji mengi, kiti kina mguu mfupi, wimbo ni mrefu mno. Sauti yake ni nzito, ya chini, na bila yeye wale wawili wangepeperuka.

Hawahesabu moja, mbili, tatu kama makundi mengine. Kengele akivuta pumzi bega lake linapanda, na wenzake wanalihisi kwa mabega yao. Wanaingia pamoja naye kama mtu mmoja. Hata jukwaani husimama hivyo hivyo, wamegandana. Watu wanadhani ni mbwembwe, kumbe ndivyo wanavyofanya kazi.

Walishindwa mashindano ya shule mara mbili. Wakaimba kwenye harusi, wakaimba kwenye ufunguzi wa duka la magodoro, wakaimba hospitali wodi ya watoto ambako Kijiko alitoa kibanio chake cha nywele akampa mgonjwa mmoja, akarudi nyumbani nywele zimesimama. Walipofika miaka kumi na sita wakarekodi “Nisubiri Ngazini,” wimbo wa mtoto anayemwomba dada yake asimwache nyuma. Mwisho wa wimbo kuna neno moja, *nakuja*, linalopanda juu kabisa na kukaa huko. Kengele alilipandisha siku ile kama mtu anayefungua pazia. Baada ya mwezi mmoja kinyozi wa chini ya jengo letu alinilalamikia kwamba wateja wanaimba akiwa ameshika wembe.

Tangu hapo ikawa safari, mahojiano, kanda ya pili, kanda ya tatu. Uso wa Kengele ukabandikwa kwenye kuta nisizozijua. Lakini nguo zao za jukwaani hakuna aliyezipiga pasi ila mimi, na akirudi kutoka safari alikuja kulala kitandani kwangu na viatu vyake.

“Mke mwenzangu,” nilikuwa namwambia, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana, “magazeti yanasema una miguu mizuri. Mimi naiona ina vumbi.”

“Babu angekuwepo angeifuta.”

“Babu yako hakufuta hata miwani yake.”

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka kumi.

Mwaka huo wa kumi, meneja wao, bwana mmoja mpole anayevaa sweta hata wakati wa joto, aliandaa tamasha la kumbukumbu ya wimbo ule. Aliukodi ukumbi mkubwa. Akataka pia waurekodi upya. Nilikwenda nao studio kwa sababu baada ya kurekodi kulikuwa na picha, na nguo zile za hariri hukunjamana ukizitazama tu. Nikakaa kwenye kona nimezipakata.

Fundi wa sauti alikuwa mgeni kwao, dada mtu mzima mwenye penseli nyuma ya sikio. Akasema, “Leo kila mtu na kipaza sauti chake, na kila mtu chumba chake.”

Wasichana wakatazamana. Walikuwa wamezoea kurekodi wote watatu mbele ya kipaza sauti kimoja.

“Mimi peke yangu chumbani naogopa,” alisema Mama Mkwe. “Na kiti chenu kinanuka.”

Kengele akaingia wa kwanza kwenye chumba cha vioo. Aliimba vizuri. Ulipofika mwisho wa wimbo nikaona mdomo umefunguka na mishipa ya shingo imesimama, na kisanduku cha sauti kilichokuwa ukutani kikatoa upepo. Upepo tu, kama mtu anayepuliza chai ya moto.

Fundi alibonyeza kitufe na kisanduku kikanyamaza. Akageuka akawaambia wote waliokuwa mle, “Waya wangu mmoja una matatizo. Nendeni mkanywe kitu, dakika kumi.” Wakatoka. Mimi nilikuwa bado nakusanya nguo, na mzee haharakishwi. Nilikuwa nimekiona kidole chake. Hakuna waya uliokuwa na tatizo. Alimfichia aibu mtu asiyemjua hata kwa saa moja, na mpaka leo namwombea mema.

Kengele alitoka kwenye vioo. “Nina mafua kidogo,” alimwambia fundi.

“Tangu lini?”

“Tangu juzi.”

Fundi alizungusha penseli. “Ningeweza kunyamaza, lakini nadhani wewe ungependa kujua. Nilipewa kanda ya onyesho lenu la mwaka jana, ile ambayo kila kipaza sauti kimerekodiwa kivyake. Hiki ni chako.” Akabonyeza. Sauti ya mjukuu wangu ikaja, nzuri, halafu mwishoni ukawa upepo ule ule. “Hiki ni cha mwenzako wa kulia.”

Na pale ndipo *nakuja* ilipokuwa. Ilikuwa safi, imepanda juu na kukaa huko, kwa sauti ya Kijiko.

Kengele alisikiliza mara mbili. Kisha akatoka hadi kwenye korido, nami nyuma yake. Wenzake walikuwa wamesimama karibu na mtungi wa maji, vikombe mkononi.

“Tangu lini?” aliuliza.

Kijiko akatazama kikombe chake. “Tangu lini nini?”

“Kijiko.”

“Mwaka jana. Mwezi wa pili.” Sauti ilikuwa ndogo. “Ulikuwa na kikohozi. Nikaona nikusaidie siku ile moja. Wiki iliyofuata nikahisi bega lako linapanda lakini pumzi haijai. Nikaingia tena.”

“Ni mwaka na nusu.”

“Ndiyo.”

“Na wewe ulijua?”

“Mimi ndiye niliyemwambia aendelee,” alisema Mama Mkwe. “Kama unatafuta wa kumgombeza, nipo. Hata maji yao hapa ni ya vuguvugu.”

Hakuna aliyecheka, naye hakutegemea tucheke.

“Nilikuwa nasikia neno linatoka,” Kengele alisema polepole. “Nikadhani ni langu. Kesho yake nalisukuma tena, maana jana lilitoka. Mngeniambia ningepumzika. Mmeniacha nijichane koo mwaka na nusu, huku mkinipenda.”

“Tulikupenda kweli,” alisema Kijiko.

“Najua. Ndiyo maana nimekosa hata wa kumkasirikia.”

Kisha akanigeukia mimi. “Bibi, na wewe?”

Ningeweza kusema sikujua kitu. Lakini asubuhi nyingi alikuwa ameamka kwangu na sauti kama msasa, nami nikasikia.

“Nilisikia asubuhi,” nikamwambia. “Nikakupa maji ya moto na asali.”

“Ukaniambia nini?”

“Nikakuambia unywe.”

Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Sikumbuki kuumizwa na kitu kama nilivyoumizwa na kule kutikisa kichwa.

Daktari wa koo alimpitishia puani mpira mwembamba wenye taa, na sote tukaona kwenye kioo. Nyuzi mbili za sauti, na katika kila moja kinundu cheupe.

“Ni kama sugu,” daktari alisema.

Hapo nilielewa. Nilimwonyesha kiganja changu, pale pasi ilipokaa miaka yote. Akakigusa kwa kidole akasema, “Hasa, mama. Hiyo hiyo.”

Akaeleza kwamba kwa wiki nne Kengele asitoe neno hata moja, wala asinong’one, kwa kuwa kunong’ona ni kubaya zaidi. Baada ya hapo mazoezi ya kurudisha sauti, kidogo kidogo. “Ukirudi kuimba kama ulivyokuwa unaimba, itabidi tukate. Na nikikata, siwezi kukuahidi sauti itakayobaki.”

Tamasha lilikuwa limebakiza wiki kumi na moja.

Meneja alikuja nyumbani siku ya tatu ya ukimya. Nilimpa kiti, akakalia ukingo wake, wasichana wote watatu wakiwa kitandani kwangu. Kengele alikuwa na daftari la shule na penseli.

“Tuna njia mbili,” meneja alisema, na nilimwona anavyochagua maneno asimwumize mtu. “Ya kwanza, tuna kanda ya zamani. Tunaipiga, wewe unafungua mdomo tu. Wengi wanafanya hivyo. Ya pili, Kijiko asimame katikati.”

Kengele akaandika akageuza daftari. KANDA HAPANA. Kisha akaandika tena, akamwonyesha Kijiko.

Kijiko akasoma. “Ananiuliza kama nataka nafasi yake. Sitaki. Nikisimama katikati sijui mikono niiweke wapi.”

“Mfukoni,” alisema Mama Mkwe.

“Gauni halina mfuko.”

“Ndiyo matatizo ya haya magauni.”

Kengele aliandika muda mrefu. Meneja akasoma kwa sauti: “Wiki moja kabla ya tamasha, njoo unisikilize hapa hapa. Kama nitaweza kuuimba mwenyewe, nitaongoza. Kama sitaweza, nitasimama mbele ya watu niseme kwamba siwezi, na Kijiko ataongoza. Lakini hakuna kitakachotoka kwenye mdomo wangu ambacho si changu.”

Meneja alivua miwani akaifuta kwa sweta. “Na kanda je, kama akiba tu?”

Kengele akapigia mstari yale maneno mawili ya kwanza mpaka penseli ikavunjika.

Basi tukaishi kimya. Macho yangu hayasomi mwandiko mdogo, kwa hiyo kila alichotaka kilikuwa na ukubwa wa tangazo. CHUMVI. SIMU YAKO INALIA. BIBI UMENIWEKEA SUKARI MARA MBILI. Jirani wa kushoto, asiyesikia tena mazungumzo ukutani, alikuja kuniuliza kwa upole kama tumegombana. Kinyozi wa chini, ambaye tangu enzi alikuwa akimpigia Kengele kelele za salamu kutoka mlangoni, nilimwona ananyoosha mkono juu bila sauti. Baadaye nikajua amewaambia wateja wake wote wasimsemeshe binti yule akipita, na aliyesahau alikatazwa kuingia siku hiyo.

Kijiko alikuja kila alasiri. Yeye pia hakusema kitu, kana kwamba daktari alimkataza pamoja na mwenzake. Nilikuwa na mashuka mengi, nikawapa wayakunje. Kukunja shuka kubwa kunahitaji watu wawili. Mnashika ncha, mnavuta, mnasogeleana, mmoja anampa mwenzake ncha zake, anainama kushika mkunjo. Siku za kwanza Kengele alipokea zile ncha macho yakiwa dirishani. Kijiko hakulazimisha. Shuka baada ya shuka, alasiri baada ya alasiri. Katika wiki ya pili nilikuwa nanyunyiza maji kwenye kola nikainua uso, nikaona wamesogeleana na shuka katikati yao na hakuna aliyeachia. Kengele alikuwa anamtazama mwenzake usoni. Halafu akachukua zile ncha, wakaendelea.

Mama Mkwe alijaribu ukimya siku moja. Alikaa kwenye kiti changu, mikono kifuani, akadumu muda wa foronya nne.

“Mnaikunja vibaya,” alisema. “Samahani, nimeshindwa. Lakini mnaikunja vibaya.”

Kengele akacheka bila sauti, mabega yakitetemeka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu studio.

Wiki nne zilipokwisha, mtaalamu wa hospitali akamfundisha kupuliza kwa mrija ndani ya glasi ya maji huku akitoa sauti ndogo, maji yakibubujika. Dakika tano, kupumzika saa nzima, dakika tano tena. Mtu angedhani mtoto anachezea kinywaji. Niliweka saa ya mezani mbele yake. Nilichokiona hapo sikuwa nimewahi kukiona kwa mjukuu wangu katika miaka yake yote ya kupigiwa makofi. Alikuwa anaacha. Hata sauti ilipoanza kuja tamu, hata alipokuwa na hamu, dakika ya tano ikifika alitoa mrija mdomoni na kufunga kinywa. Kuimba alikujua tangu utotoni. Kuacha ndiko alikokuwa anajifunza, na kulimtoa jasho.

Katika wiki ya sita sauti ilirudi. Ilikuwa imeshuka, na ndani yake kulikuwa na mkwaruzo kidogo, kama kitambaa kizuri kisicholainishwa. Akajaribu “Nisubiri Ngazini” na kuishia katikati.

“Subiri kidogo, mama,” nikamwambia. “Itapanda.”

“Haitapanda, Bibi.” Hakuwa na huzuni. Alikuwa kama anayepima nguo. “Huu wimbo ulishonwa kwa mtoto wa miaka kumi na sita. Mimi nina ishirini na sita. Utapunguzwa ule wimbo, siyo mimi.”

Mpiga gitaa aliitwa. Alisikia anachotakiwa kufanya akashika kichwa.

“Tuushushe hatua tatu? Mashabiki watadhani redio zao zimelowa.”

“Waache wadhani hivyo.”

“Hatua moja basi. Tukutane njiani.”

“Tatu. Ukishindwa nitaimba bila gitaa.”

Akamtazama, kisha akaanza kukaza na kulegeza nyuzi zake. “Nimekuelewa, bosi. Usinifukuze mbele ya bibi yako.”

Wakakubaliana kwamba neno lile la juu mwishoni litaimbwa na Kijiko waziwazi, kila mtu akijua ni lake, na Kengele atabaki chini. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndipo ilipoanza.

Wakasimama mbele ya ukuta, bega kwa bega, nami na pasi yangu. Kengele akaanza. Kwenye mstari wa tatu sauti ikayumba kidogo, na hapo hapo, laini kama mafuta, Kijiko akawa chini yake.

Kengele akanyamaza. “Umeingia.”

“Sikuingia.”

“Umeingia, Kijiko.”

“Ameingia,” alisema Mama Mkwe. “Na mimi nilikuwa njiani.”

Wakaanza upya. Akaingia tena. Mara ya sita Kijiko alikaa sakafuni akashika kichwa. “Siwezi kujizuia. Ukitetemeka nakuhisi hapa begani, na kabla sijafikiri mdomo umeshafunguka. Ni kama kumdaka mtu anayejikwaa. Nani anafikiri kwanza?”

Kengele alikaa chini mbele yake. “Sikiliza, dada. Sauti hii ni mpya. Siijui bado. Nitaijuaje kama kila ikijikwaa wewe umeshaibeba? Sitaki tena kudanganywa na masikio yangu.”

“Na ikikatika mbele ya watu?”

“Ikatike.”

“Watu mia tisa?”

“Wataisikia ikikatika, watu mia tisa. Ubeti wa kwanza wote ni wangu, peke yangu, hakuna kuingia hata nikiishiwa kabisa. Kiitikio tutaimba pamoja. Unaweza?”

Kijiko alifikiri, kwa sababu hapendi kuahidi asichokiweza. “Nitajaribu. Lakini ujue unaniomba kitu kigumu kuliko kuimba.”

“Najua.”

Ndipo Kengele alipofanya jambo lililowashangaza wote wawili. Alisimama akapiga hatua mbili mbele, akawaacha nyuma. Kwa miaka kumi na miwili mabega yale hayakuwahi kuachana. Nikaona mgongo mmoja huku, na miwili kule, na katikati pengo la kupita kikapu cha nguo. Mazoezi yote yaliyobaki waliimba hivyo. Ilibidi wajifunze kumwangalia badala ya kumhisi, na mara nyingi walichelewa kuingia kwenye kiitikio, wakarudia, wakachelewa tena. Mama Mkwe alisema anajiona kama mtu aliyevuliwa koti.

Wiki moja kabla ya tamasha meneja alikuja na fundi wa sauti. Wakasikiliza, meneja amesimama mlangoni, fundi amekaa kitini. Kengele alivuka ubeti wa kwanza akiwa mzima, ingawa si kila mstari ulikuwa mnyoofu.

“Ni tofauti,” alisema meneja. “Sijui kama wataupenda. Lakini umeuimba.”

“Basi naongoza.”

“Unaongoza. Ila siku yenyewe ile kanda iwe tayari, tukishikwa pabaya tu, ukinyoosha mkono...”

Fundi akakohoa. “Kanda ipi? Mimi sijui hata iko wapi.” Alikuwa ameikalia, nina hakika, maana mkoba wake ulikuwa chini ya makalio yake kwenye kiti changu, naye hakusimama mpaka meneja alipoaga.

Siku ya tamasha nilikuwa pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia, na pasi ndogo ya safari. Ilikuwa saa kumi alasiri na mwanga bado ulikuwa unaingia kwenye madirisha ya juu ya ukumbi. “Nisubiri Ngazini” ulipangwa kuwa wimbo wa mwisho kabla ya mapumziko. Gitaa lilipoanza, chini kuliko walivyozoea, nilisikia watu wanaulizana. Kengele akapiga hatua zake mbili mbele. Watu wakaona pengo, na minong’ono ikazidi.

Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili pia. Ukumbi ukaanza kutulia, kwa sababu maneno yale, yaliyokuwa ya mtoto, sasa yalikuwa yanasemwa na mtu mzima anayejua ngazi ni ndefu.

Katika mstari wa tatu, sauti ilikatika.

Haikuyumba safari hii, ilikatika kabisa. Pakawa na gitaa peke yake. Mimi sikumtazama mjukuu wangu, nilimtazama Kijiko. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma ya mgongo, amejishika kifundo cha mkono mwenyewe mpaka vidole vimebadilika rangi. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Machozi yalikuwa yanashuka na yeye hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungemfanya aachie mkono. Mama Mkwe alikuwa ameuma mdomo wa chini. Mpiga gitaa, Mungu ambariki, aliurudia mzunguko wake wa nyuzi kana kwamba ndivyo wimbo ulivyoandikwa, akarudia tena, bila kumharakisha.

Kengele hakunyoosha mkono. Alifunga macho, akameza mate, akavuta pumzi. Akaurudia mstari wa tatu tangu mwanzo. Ulitoka na mkwaruzo wake. Akaingia wa nne, akaumaliza, na ubeti ukawa umekwisha. Ndipo alipogeuka nusu kuwatazama wenzake, na watatu wakaingia kwenye kiitikio kwa wakati mmoja. *Nakuja* ya mwisho Kijiko aliipandisha juu kabisa, na Kengele akamnyooshea mkono ili watu wote wajue ni ya nani.

Kulikuwa na makofi. Wengine walisimama, wengine waliendelea kukaa, na mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa anamweleza jirani yake kwamba zamani ulikuwa mzuri zaidi. Hayo yote niliyaona.

Kwenye chumba cha kuvalia, wakati wa mapumziko, Kijiko alijitupa kwenye kiti.

“Ule mstari wa tatu,” alisema, “nilitaka kufa.”

“Najua. Nilikusikia.”

“Sikutoa sauti hata kidogo.”

“Ndiyo,” alisema Kengele. “Ndicho nilichokisikia.”

Wakakaa hivyo, mmoja ameshika glasi ya maji, mwingine anasugua kifundo chake cha mkono.

“Mkimaliza kupendana,” alisema Mama Mkwe, macho mekundu, “kuna watu mia tisa wamekaa kwenye viti vibaya.”

Wakainuka. Nikapitisha pasi kwenye pindo la gauni la Kengele akiwa amelivaa, kama ninavyofanya siku zote, na yeye akasimama bila kutikisika. Wenzake walikuwa wameshatoka mlangoni.

“Bibi,” aliuliza, “ilikuwaje?”

Maneno ya kumfurahisha yalikuwa tayari mdomoni. Niliyaacha yapite.

“Mstari wa tatu ulikatika vibaya,” nikamwambia. “Na uliporudi, mwanzo wake ulikuwa mzito. Sehemu ya pili kunywa maji kati ya nyimbo, usingoje koo likauke.”

Akanibusu paji la uso.

“Asante, mke mwenzangu,” alisema. Akanywa mafunda mawili, akaweka glasi mezani, akatoka kwenda kuimba.